Ugumu wa Kifundo

Kabla hamjasikia kwa watu, sikieni kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kishikwambi. Mimi Nakijwa, binti wa Same, niliyemaliza chuo mwaka jana tu, ndiye niliyefungua kufuli la Restituta Gwandu mzunguko wa mwisho pale Babati, watu elfu arobaini wakiwa wamesimama. Na sasa hivi ninavyoongea mimi ni fundi mkuu. Ngoja, naruka mambo. Nianze na Jumanne kambini Tlawi.

Kulikuwa na baridi ile ya Mbulu ya mwezi wa sita, ya kukufanya uongee meno yanagongana. Nilikaa juu ya ndoo niliyoipindua kando ya barabara ya udongo mwekundu, kishikwambi mapajani, nawasubiri wasichana watokee kwenye kona ya miti. Chini ya udongo nilikuwa nimefukia vigae arobaini vya kupimia. Mkimbiaji akikanyaga, kigae kinaniambia ameikandamiza ardhi kwa nguvu gani, na kamera mbili nguzoni zinaniambia mguu umejikunja kiasi gani. Unagawanya nguvu kwa kule kujikunja, unapata ugumu wa mguu. Mtoto wa darasa la saba anaweza.

Maana mguu wa mtu anayekimbia ni springi, basi. Ukikimbia polepole unazama, goti linakunjika, unapanda tena taratibu kama umekalia godoro jipya. Ukiongeza mwendo, unyayo unakaa chini muda mfupi zaidi, kwa hiyo goti linalazimika kukaza, la sivyo utakuwa bado unazama wakati mwenzako ameshaondoka. Lakini kifundo cha mguu, nyie, kifundo hakina habari na mwendo wako. Kinabaki na ugumu wake karibu ule ule, uwe unamfuata kuku au unafukuzwa na nyuki. Goti ndilo linalobadilika. Hilo niliulizwa kwenye mtihani wa mwaka wa tatu na nilipata alama zote. Naomba mlikumbuke.

Zamani mwili ulikuwa unajikazia wenyewe. Sasa hivi kila anayekimbia Ligi ya Kano ameshatolewa kano zake za kuzaliwa, za kisigino na za goti, miguu yote miwili, akawekewa za kampuni. Hizi za kampuni hazijui kitu mpaka fundi ugumu azifundishe: kwa mwendo huu kaza hivi, kwa mwendo ule kaza vile. Mwendo ambao hujapimwa unabaki umefungwa. Ukiulazimisha, kano zinakulegea miguuni kama uji, unajikuta unatembea. Hilo ndilo kufuli. Siku ya kupima tu ndiyo linalegezwa, kidogo kidogo, fundi akiwa anaangalia. Na sheria imenyooka: fundi hafungui mwendo ambao hakuupima ardhini, kwa miguu ya mhusika mwenyewe.

Basi wakatokea kwenye kona. Ishirini, wanapumua moshi, na mbele yao Fausta Bura.

Huyu Fausta ana miaka thelathini na saba na amekuwa mbele miaka kumi na miwili. Wanamwita Mama Mbele. Pale Tlawi hakuna anayempita mazoezini. Haijaandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kuniambia ni kosa, ila Fausta akipunguza mwendo ili ateme mate, wasichana ishirini wanapunguza. Siku moja niliona kiatu chake kimefunguka kamba, akachuchumaa katikati ya njia, na wote wakasimama nyuma yake wakirukaruka pale pale mpaka akamaliza kufunga.

Sasa niambieni, utampimaje Restituta namna hiyo? Restituta ana miaka ishirini. Fausta ndiye aliyemtoa Dongobesh akiwa na kumi na moja, mama yake kafariki, akamlea, akamfundisha hata kukata kucha za miguu zisimuumize. Kila asubuhi Restituta alikuwa anapita juu ya vigae vyangu hatua mbili nyuma ya Fausta, anapumua kwa pua, kama mtu anayetembea kwenda dukani. Vigae vilikuwa vimeshamwona kuanzia kilomita kumi kwa saa hadi ishirini na mbili. Baada ya hapo, hakuna. Mwendo wa juu kabisa wa Fausta ni ishirini na tatu.

Na Jumamosi ndiyo Mbio za Bonde kule Babati, na bosi wetu, Injinia Kahabuka, alishaniambia kwamba yeye anataka kuona ishirini na sita.

*

Nikamwomba Restituta tupime peke yetu, Jumatano saa nne, wenzake wakiwa wanakunywa chai. Akaangalia viatu vyake muda mrefu, akaniuliza kama Mama Mbele anajua. Nikamwambia hii ni kazi, haina mama wala baba. Akacheka, akakubali.

Mbona ilianza vizuri. Kumi na nane, ishirini, ishirini na moja. Goti lilikuwa linapanda namba kwa namba kama kwenye kitabu, na kifundo kimetulia tuli. Nilikuwa napiga kelele peke yangu juu ya ndoo. Nikalegeza kufuli mpaka ishirini na saba, nikamwonyesha kwa mkono aje na kila alichonacho.

Ndipo Fausta akaja anatembea na kikombe chake cha uji. Akasimama pale vigae vinapoishia, akaegemea nguzo ya kamera, akawa anapuliza uji.

Restituta alitoka kwenye kona kama risasi, jamani, nilimwona, alikuwa kwenye ishirini na nne na bado anapanda. Kisha akamwona Fausta. Alipokanyaga kigae cha kwanza alikuwa ameshashuka. Ishirini na mbili. Nikamrudisha. Ishirini na mbili. Mara saba nilimrudisha, na mara saba alinipa ishirini na mbili kamili, mtu hawezi kukimbia sawasawa vile bila kukusudia. Moyo wake ulikuwa unapiga mara mia moja arobaini na nane. Ukimkimbiza kweli unafika mia moja tisini na mbili.

Nikaenda kwa Fausta, nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Nikamwomba kwa adabu zote atupishe nusu saa. Akanitazama kuanzia viatu.

"Binti yangu," akasema, "mimi nikisimama kwenye barabara yetu, nani amefungwa miguu? Si anakimbia huyo?"

"Anakuogopa, mama."

"Haniogopi. Ananiheshimu. Wewe mtu wa Same huwezi kuyajua." Akanywa uji kidogo. "Anakimbia vizuri sana. Anafika pale pale anapotakiwa kufika."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Fausta anaijua sheria ya kufuli kuliko mimi niliyeisomea. Yeye anafunguliwa hadi ishirini na tatu. Mtoto akipimwa ishirini na mbili, Jumamosi atabaki ishirini na mbili, apende asipende. Alikuwa amekuja na kikombe cha uji kumfungia mtoto wake mwenyewe kufuli, na wala hakuhitaji kumgusa.

Nilirudi nikamwonyesha Restituta namba ya moyo. Akasema amechoka, hapo ndipo mwisho wake, niandike tu. Nikamwambia moyo wako unasema uko kwenye matembezi. Akakaa chini pembeni ya ndoo yangu, anajichua kifundo cha kulia kwa kidole gumba, akasubiri mpaka Fausta akaondoka kabisa, ndipo akasema kwa sauti ndogo.

"Mbele yake siwezi, dada Naki. Uwanjani naweza, kule kuna watu wengi, kuna makelele, hata yeye ataona ni mashindano. Ila hapa siwezi. Ukinifungulia Jumamosi nitakwenda."

"Sijakupima."

"Utanifungulia?"

Nikamwambia nitaona.

*

Injinia Kahabuka alikuja Alhamisi na gari lake lisilo na usukani, akaketi ofisini kwangu, kile chumba cha mabati, akasikiliza habari yote huku anakula karanga. Nilidhani atakasirika. Akacheka hadi akapaliwa. Akasema yule Fausta angekuwa injinia.

Halafu akanionyesha kitu ambacho chuoni hawakunifundisha. Kwenye fomu ya cheti cha mwendo kuna mahali pameandikwa "Amepimwa mwendo wote". Fundi akigusa hapo, mashine haiulizi tena. Palipo na pengo inajaza yenyewe: inachukua ugumu wa mguu ulivyopanda kwenye mwendo iliouona, inauvuta mstari ulionyooka kwenda juu, halafu inaugawia viungo vyote sawa. Nikagusa kwa majaribio tu. Ikajaza. Goti kwenye ishirini na sita lilikuwa zuri kabisa, hata mimi nisingelipanga vizuri zaidi.

Kifundo kilikuwa kimepandishwa pamoja nalo. Karibu nusu zaidi ya ugumu ambao kifundo cha Restituta kimewahi kubeba.

Nikamwambia bosi mashine imekosea, kifundo hakipandi hivyo, kano itakaza mno na ile nanga yake iliyoshindiliwa kwenye mfupa wa kisigino itavutwa kila hatua. Nikamwambia nirekebishe kwa mkono, dakika moja tu, nirudishe kifundo chini. Akatikisa kichwa. Namba ikibadilishwa kwa mkono wa fundi cheti kinageuka chekundu, waamuzi wanakikataa getini. Namba ya mashine inapita. Yaani nyie, namba sahihi ni haramu na namba mbovu ni halali, nilitamani kucheka.

Nikasema basi abaki na ishirini na mbili. Bosi akapangusa chumvi ya karanga mikononi.

"Sawa," akasema. "Ni haki yako. Wewe ndiye fundi. Mimi nitapiga simu chuoni kwenu, waniletee fundi mwingine kesho asubuhi. Wapo wengi, na hata jina lako sikumbuki vizuri, unaitwa nani vile?"

Nikamtajia jina langu lote. Kisha nikagusa pale, na safari hii haikuwa majaribio.

Sitaki mnione vibaya. Namba ikiwa mbovu, si lazima mfupa uvunjike papo hapo. Nilipiga hesabu: mzunguko wa mwisho ni mita mia nne, kwa mwendo ule ni hatua mia mbili na kidogo, kila mguu hatua mia moja. Mfupa wa msichana wa miaka ishirini aliyekunywa maziwa maisha yake yote unaweza kuvumilia hatua mia. Unaweza. Nilisema unaweza.

Jioni Restituta akaja kuuliza. Nikamwambia cheti kimekubali, ishirini na sita na ushee, akitaka nifungue agonge paja mara mbili. Alinikumbatia mpaka miguu yangu ikaacha ardhi. Akaniuliza ni salama? Nikamwambia goti lako litakuwa tamu, hujawahi kuonja. Sikumdanganya. Goti ndilo nililolizungumzia.

*

Sasa Babati. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha mafundi, kioo mbele, masikioni nasikia nyayo za Restituta tu, maana kila kano ina kinasa sauti chake. Pembeni yangu mafundi wa kambi nyingine, wanaume wote, mmoja akaniuliza kama nimemletea fundi wangu chai. Nikamwambia ndiyo, subiri utaiona.

Fausta aliwaburuta wote kwa ishirini na mbili kuanzia mzunguko wa pili. Mizunguko ishirini na mitano, na yeye hakugeuka hata mara moja kuangalia nyuma, kama yuko Tlawi. Wengine wakaanza kudondoka. Kufikia mzunguko wa ishirini walikuwa wamebaki wanne, na Restituta yuko pale pale pake, hatua mbili nyuma, anapumua kwa pua.

Kengele ikalia. Fausta akaenda ishirini na tatu.

Mlikuwa mnaona kabisa lile pengo likifunguka. Mita moja. Mita mbili. Restituta alikuwa anasukuma na kano zinamlegea, anaingia kwenye uji na kutoka, anaingia na kutoka. Uwanja ukaanza kumzomea Fausta asiyekuwa na kosa. Kufikia mita nne, Restituta akapeleka mkono pajani. Mara moja. Akausimamisha. Nilimwona anaangalia mgongo wa yule mama.

Akagonga mara ya pili.

Nikafungua.

Jamani. Nisameheni, lakini sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Hatua ya kwanza goti lilikaza, na mtoto akapaa. Unyayo ulikuwa chini sehemu ya kumi tu ya sekunde, haufiki hata hapo, na kila ukigusa unamrusha. Ishirini na nne, ishirini na tano. Alipomfikia Fausta alitoka kwa nje, mbali, mistari miwili, kana kwamba anampisha mtu mwenye mzigo kichwani. Akapita. Watu elfu arobaini wakaona mgongo wa Restituta Gwandu bila mtu mbele yake. Yule fundi aliyeniuliza chai akasimama juu ya kiti.

Ishirini na sita nukta nne.

Namba ya kifundo ilikuwa inapanda pembeni ya kioo, ya rangi ya chungwa. Mfupa wa kisigino ulikuwa unavutwa kwa nguvu kama za watu wanane. Niliiona. Ningeweza kufunga. Ningefunga, kano zingelegea, angechubuka magoti, angemaliza wa nne, na kisigino chake kingekuwa kizima hadi leo. Kidole changu kilikuwa pale juu ya kufuli. Lakini hakuna mtu duniani aliyewahi kupima kifundo kwenye mwendo ule kwa ugumu ule, na namba zilikuwa zinaingia, safi, hatua baada ya hatua, na mimi nikasema hatua moja tu. Halafu moja nyingine.

Alikwenda mita themanini na tatu.

Masikioni mwangu ilisikika kama mtu amevunja muwa. Uwanjani hawakusikia kitu, waliona tu mguu wa kulia umekanyaga na unyayo haukurudi, ukabaki unaning'inia. Akaruka kwa mguu wa kushoto mara mbili, bado anaangalia mbele, kano ya kushoto ikiwa inamrusha kwa uaminifu wake wote, kisha akaanguka kwa uso.

Fausta alimpita pale chini kwa ndani. Hakupunguza wala hakugeuka. Alishinda kwa mita sitini, na alipomaliza aliketi kwenye nyasi akavua viatu.

*

Daktari alituonyesha picha. Kipande cha mfupa wa kisigino, kikubwa kama kokwa la embe, kimeng'oka na kano yake kikapanda hadi katikati ya shavu la mguu. Akasema kinatengenezeka: wamrudishie kipande, kampuni itoe kano mpya na nanga ndefu zaidi, miezi sita atakuwa anatembea vizuri, mwaka mmoja pengine anakimbia. Bila kano hakuna kitu cha kufungia, maana ile yake ya kuzaliwa ilishatolewa. Mguu utabaki wa kukokota.

Injinia Kahabuka alikuwa ananisubiri kwenye korido, na alikuwa na furaha, hakuweza kuificha. Alikuwa ameshaangalia namba zangu. Mita themanini na tatu, hatua arobaini na mbili, viungo viwili, hakuna kampuni yenye kitu kama hicho. Sasa tunajua kifundo kinafia wapi, akasema, na tukishajua hapo tunaweza kumkimbiza yeyote chini yake kidogo.

Akanipa taarifa ya ajali nijaze. Ina visanduku viwili tu. "Fundi hakupima." "Mkimbiaji alificha mwendo."

Nikigusa cha kwanza, kampuni inalazimika kumjenga upya Restituta, na mimi sigusi tena mguu wa mtu. Nikigusa cha pili, kampuni haihusiki. Mkimbiaji aliyeficha mwendo wakati wa kupimwa amevunja mkataba, na kano zinarudishwa ghala, zote, hata za mguu mzima.

Nilisema kweli alificha. Ndicho nilichosema, mara mbili nadhani. Alificha mara saba, vigae vinashuhudia. Bosi akasema hakuna aliyebisha. Akaongeza kwamba timu ya taifa, kule Dodoma, inatafuta fundi mkuu, na safari hii akanitaja jina langu lote bila kukosea.

Niliingia chumbani. Fausta alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti na chupa ya maziwa mgando mapajani, na Restituta alikuwa anamwomba msamaha. Nawaambia nilichosikia kwa masikio yangu. Alikuwa anasema nisamehe mama, nilikupita. Fausta akamweka sawa mto, akamwambia amemsamehe. Akainuka, akaniacha naye, na mlangoni akaniangalia kama mtu anayemtambua ndugu yake.

Restituta alikuwa ameleweshwa na dawa, anatabasamu. Akaniuliza alifika ngapi. Nikamwambia ishirini na sita nukta nne. Akairudia ile namba polepole, akairudia tena.

Nikamwambia kuna taarifa inahitaji kidole chake. Akasema macho yake yanaona ukungu, nimsomee.

Nikamsomea. Mkimbiaji Restituta Gwandu, kambi ya Tlawi, mzunguko wa ishirini na tano, alifikia mwendo wa kilomita ishirini na sita nukta nne kwa saa, goti likiwa katika ugumu usiowahi kurekodiwa. Mstari wa nne, wenye kile kisanduku cha pili nilichokigusa, niliuruka. Nikasoma wa tano, wenye tarehe.

"Umeandika vizuri," akasema. "Kama redio."

Akatoa kidole gumba, mimi nikamsaidia kukilenga kwenye kioo.

Kampuni ilijibu papo hapo, haina mchezo. Kano za kushoto: rudisha sifuri, kutolewa Jumatatu. Hiyo nayo ni kazi ya fundi. Nikaketi pembeni ya kitanda, nikaanza kushusha, goti kwanza, taratibu, mia, themanini, hamsini. Aliusikia. Aliutazama mguu wake mzima chini ya shuka, ule ambao haukuwa na tatizo lolote, ukianza kulala upande.

"Unaupumzisha?"

"Ndiyo."

"Umefanya la maana. Maana ndio nitakaouegemea." Akafumba macho. Nikashusha kifundo. Thelathini, kumi, sifuri. Nikamwona anajaribu kukunja vidole na vidole havijui. Hakuogopa hata kidogo. Akafumbua macho akaniambia amebanwa na mkojo, nimwinue kidogo aniegemee mimi dada yake mpaka mlangoni, si mbali.

Hapo simu yangu ikaita, na nilipoitazama ilikuwa namba ya Dodoma. Nikamwambia asubiri kidogo, nikatoka nje kupokea.